Seva Iliyokufa Bila Kuaga

"Fundi, imelala tena."

Hivyo ndivyo simu ya sista ilivyokuwa ikianza mwezi ule wa Agosti 2019. Hakuna mulembe, hakuna habari ya asubuhi. Mimi nami nilishazoea. Najibu "Nakuja," navuta shati, nampigia kelele jirani yangu wa boda pale steji ya Nambale, tunaondoka. Njiani anauliza, "Leo tena? Si juzi ulisema umetengeneza?" Namwambia angalia barabara.

Kazi yangu ilikuwa kutunza kompyuta za vituo vitatu vya afya, viwili vidogo na kimoja kikubwa kidogo. Hiki kikubwa ndicho kilichokuwa kinanisumbua. Sitakitaja jina. Anayekijua atakijua, na asiyekijua hapotezi kitu. Kilikuwa na seva moja. Tuliita seva kwa heshima tu, lakini ilikuwa kompyuta ya kawaida ya mezani, iliyowekwa chini ya meza katika chumba kilichokuwa stoo ya vyandarua. Ndani yake mlikuwa na hifadhidata ya wagonjwa wa kliniki ya dawa za kila siku. Nadhani unaelewa ni kliniki gani. Huku kwetu mpakani watu huiita kwa namba ya mlango wake, ili mtu aweze kuitaja ndani ya matatu bila jirani kugeuza shingo.

Mfumo wenyewe ni wa ukoo wa OpenMRS, na huo ukoo tunao haki ya kujivunia. Mwaka 2001, kule Mosoriot, upande wa Eldoret, kituo cha afya cha kijijini kilianza kuandika wagonjwa wake kwenye kompyuta. Kutokana na kazi ile ya Eldoret na wenzao wa Indiana, Marekani, OpenMRS ikazaliwa mwaka 2004, na leo inatumika katika nchi nyingi. Chini ya OpenMRS inakaa MySQL, ambayo ndiyo hifadhidata yenyewe, ghala la kila jina, kila kipimo, kila tarehe ya kurudi. MySQL ikianguka, sista anaona skrini nyeupe, na nje kuna benchi limejaa watu waliotoka Butula, Matayos, hata wengine wamevuka kutoka upande wa Uganda alfajiri ili wasionekane na majirani.

Sasa niseme jambo ambalo nililijua kwa kichwa lakini sikulifuata. Seva hazifi kwa namna moja, na kila kifo kina alama yake.

Kuna kuuawa. Memori ikiisha, Linux huchagua programu inayokula nyingi kuliko zote, mara nyingi ni MySQL, na kuichinja ili mashine yenyewe ipone. Lakini muuaji huyu hafichi. Anaandika kwenye daftari lake kwamba memori imekwisha, nimeua huyu, namba yake ni hii. Kuna kujiangusha. Programu yenyewe ina kasoro, inajikwaa, na kabla ya kufa MySQL huandika maneno ya mwisho, namba ya ishara iliyopata na orodha ndefu ya mahali ilipokuwa ikipita. Kuna diski kujaa, na hapo logi hulalamika mstari baada ya mstari kama mama mkwe. Na kuna kuzimwa vizuri, ambapo huandika kwamba imefunga kazi salama.

Halafu kuna kukatwa. Hapo hakuna neno. Mstari wa mwisho ni wa shughuli za kawaida, na mstari unaofuata ni wa kuamka. InnoDB, ambayo ndiyo sehemu ya MySQL inayoshika data, inagundua kwamba haikufungwa vizuri mara iliyopita, na inaanza kujitibu. Kati ya mistari hiyo miwili hamna kitu.

Logi yangu ilikuwa hivyo kila mara. Mimi nikaisoma, nikasema, "Ah, haijaandika sababu," nikaenda kutafuta sababu kwengine. Kumbe kule kutoandika ndiko kulikokuwa sababu.

Wiki ya kwanza nilipunguza memori ya MySQL. Nikamwambia sista nimetengeneza. Ikaanguka. Nikafuta mafaili ya zamani, nikapata nafasi kwenye diski, nikasema nimetengeneza. Ikaanguka. Nikapima diski usiku kucha, ikatoka safi. Nikasema sasa hapa nimetengeneza kabisa. Kesho yake, saa nne na kitu, simu: "Fundi, imelala tena."

Mbona sikufikiria stima? Kwa sababu stima haikupotea. Nilimuuliza kila mtu, na kila mtu aliapa. Taa ziliwaka, friji ya chanjo ilinguruma, redio ya mlinzi iliendelea na taarabu yake. Tena tulikuwa na UPS, lile boksi zito lenye betri ndani, ambalo kazi yake ni kushika mashine pale stima inapoyumba. Na kwenye fomu ya ukaguzi wa kila robo mwaka, sehemu ya UPS, kulikuwa na alama ya tiki. Tiki hiyo niliiweka mimi.

Mkuu wa kituo alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka hutafuta mtu. Jumatatu moja akaniita ofisini, akafunga mlango. "Kijana, nimeangalia. Hii kitu huanguka saa nne nne hivi. Nani huingia kile chumba saa nne?"

Nilijua nani. Mama wa usafi. Alikuwa mama wa makamo, mjane, analipwa kwa siku, na kila saa nne alipiga deki chumba kile. Mara mbili nilikuwa nimemkuta amechomeka simu yake kwenye ekstensheni ya seva. Nilimwambia, "Mama, hapa usichomeke," akacheka, akasema, "Mwanangu, kwani simu yangu inakula kiasi gani?" Ikaisha hapo.

"Inawezekana ni yeye anachomoa?" mkuu akauliza.

Hapo ndipo ningesema, "Sijui, acha nichunguze." Nilisema, "Inawezekana."

Neno moja. Kabla ya saa sita mama yule aliambiwa akae nyumbani kwanza mpaka aitwe. Nilimwona akivuka lango na mfuko wake wa plastiki, kanga imefungwa kiunoni, bado amevaa zile sandozi za kazi. Aliponipita alisema, "Haya mwanangu, kazi njema." Hakujua nimesema nini. Au alijua. Mpaka leo sina hakika.

Seva ikakaa vizuri Jumatatu hiyo. Jumanne pia. Mkuu akanipigia makofi begani.

Jumatano ikaanguka.

Nataka msomaji asimame na mimi hapa kidogo. Jumatano ile, mbele ya logi ile isiyo na neno, nilijua kwamba mama yule hana kosa. Hakuhitajika fundi kulijua hilo. Nilipaswa kutembea hatua ishirini mpaka ofisi ya mkuu na kusema sentensi moja. Sikutembea. Nilijiambia kwanza nipate sababu halisi, ndipo niende na jibu kamili. Inasikika kama busara ya kazi, lakini ilikuwa woga. Ningekwenda bila jibu, swali lingefuata: kama si yeye, basi ni nani? Na mtu aliyekuwa amebaki alikuwa mimi.

Zikapita siku. Shule zilikuwa zinakaribia kufunguliwa kwa muhula wa tatu, wakati ambapo kila nyumba huku hesabu ni zile zile: karo, sare, daftari. Mimi nilikuwa nabadilisha waya za mtandao.

Kisha akaja mwanamke mwingine, ambaye ndiye aliyenivunja.

Alikuja mchana, hakukaa kwenye benchi. Alisimama mlangoni kwa sista na kuongea kwa sauti ya chini sana, ile sauti ya mtu anayejizuia. "Sista, kwa nini mmenitumia mtu nyumbani?"

Sista akafungua mfumo. "Mama, hapa inaonyesha hukuja tarehe yako. Ukikosa, mhudumu wa jamii huwa anakutafuta. Ni utaratibu."

"Nilikuja. Wewe mwenyewe ulinihudumia. Dawa ninazo."

Sista akanyamaza, akamwangalia vizuri, na nikaona amemkumbuka. Alikuwa kweli amekuja, wiki ya kwanza ya Agosti. Amepimwa, ameandikwa, amepewa dawa. Lakini kwenye hifadhidata siku ile haikuwepo. Kwa hivyo mfumo ukamweka kwenye orodha ya waliotoroka, na mhudumu wa jamii, mtu mwema anayefanya kazi yake, akaenda mpaka kwake kumuuliza kwa nini hanywi dawa. Alimkuta shemeji yake uani. Mwanamke hakutuambia yaliyofuata. Alisema tu, "Mimi nilikuwa nimeweka hii siri miaka minne."

Nilirudi kwenye stoo ya vyandarua, nikakaa chini sakafuni. Siku ile ilipotelea wapi?

Nikaitafuta, na nikaipata mahali nilipoiacha mwenyewe. InnoDB ina desturi nzuri ya muuza duka makini. Ukilipa, kabla hajapanga kitu kwenye rafu, kwanza anaandika kwenye daftari. Hata akianguka palepale, mwenye kuokota daftari atajua umelipa. Na kwa kawaida MySQL huhakikisha wino umekauka, yaani maandishi yamefika kwenye diski hasa, ndipo inakwambia "imehifadhiwa". Lakini kukausha wino kila mara kunachukua muda, na mashine yetu ilikuwa kuukuu. Miezi kadhaa nyuma sista alilalamika kwamba mfumo unakokota. Nikabadilisha mpangilio mmoja, ule unaoitwa innodb_flush_log_at_trx_commit, kutoka 1 kwenda 2. Ukiwa 1, wino unakaushwa kwa kila mgonjwa. Ukiwa 2, unakaushwa kama mara moja kwa sekunde. Mfumo ukawa mwepesi, sista akanishukuru, akaninunulia soda.

Gharama yake imeandikwa wazi kwenye maelezo ya MySQL: stima ikikatika, unaweza kupoteza hadi sekunde moja ya kazi. Nilisoma. Niliona sekunde moja ni kitu gani.

Sasa nilimwona aliyekuwa ndani ya sekunde hiyo. Sista alibonyeza hifadhi kwenye laptopu yake, skrini ikajibu imehifadhiwa, mwanamke akainuka na dawa zake, na kabla sekunde haijatimia seva ikazimika. Ilipoamka haikumjua. Katika watu wote wa mwezi ule, ilimsahau yeye.

Kesho yake sikugusa kompyuta. Nilichukua kiti, kalamu na daftari la mistari, nikakaa kando ya seva kuanzia saa mbili asubuhi kama mtu anayekesha na maiti. Saa tatu, hakuna kitu. Saa nne kasoro, nikamsikia mtu nje akiita watu wa mahindi. Halafu nje ya ukuta, kwa jirani, kisiagi kikaanza kunguruma.

Balbu juu yangu ikafifia, kitu kidogo tu, kama mtu amepepesa jicho. Ndani ya UPS pakalia tik. Feni za seva zikanyamaza. Kisha balbu ikarudi, seva ikapiga mlio wake wa kuamka, na kama nisingekuwa pale ningeapa na mimi kwamba stima haikupotea.

Nikatoka mbio. Mwenye kisiagi alikuwa mzee mpole, unga umemjaa kwenye nyusi. "Mzee, shikamoo. Hii mota ni mpya?"

"Marahaba. Ni mpya, nimenunua mwezi wa saba mwisho. Ile ya zamani ingeweza haya mahindi?" Akaonyesha magunia. Mavuno yalikuwa yameingia na kila mtu anasaga mahindi mapya.

Mota kubwa inapoanza kuzunguka huvuta umeme mara tano, hata saba, ya ule inaotumia ikishashika mwendo. Ni muda mfupi, lakini kwa muda huo volti hushuka kwa wote walio kwenye transfoma moja. Nikamwomba mzee anifanyie hisani moja: kila akiwasha, aandike saa. Hakuuliza sababu. Aliandika kwa kipande cha makaa ukutani. Baada ya siku tatu nikaenda na logi yangu. Seva ilikuwa imeanguka mara sita. Ukuta wa mzee ulikuwa na namba nyingi kuliko hizo, maana si kila kuwasha kuliiangusha, lakini zile sita zote zilikuwemo. Ukuta na logi vilipishana kwa dakika mbili tu, na dakika hizo mbili zilikuwa za saa yake ya mkononi.

Bado kulikuwa na kitu kimoja. Kufifia kule kulikuwa kidogo. Kompyuta nyingi zingekuvumilia, na laptopu za sista hazikuhisi kitu. Kwa nini seva tu? Nikaigeuza UPS, nikafungua. Betri ilikuwa imevimba ubavuni kama mkate. Betri hizi za risasi hudumu miaka mitatu, labda mitano, na katika joto la stoo isiyo na dirisha hata hiyo haifiki. UPS yetu ilikuwa inafanya kazi yake kwa uaminifu. Ikiona volti imeshuka, inaiondoa seva kwenye stima ya ukutani na kuihamishia kwenye betri. Na betri ilikuwa maiti. Bila UPS ile, seva pengine ingepepesa jicho kama balbu na kuendelea. Tulichokiweka kuilinda ndicho kilichokuwa kinaiua.

Na fomu ina tiki yangu. Kupima UPS kunachukua nusu dakika: unachomoa plagi ukutani, unaona kama mashine inabaki hai. Nilikuwa naangalia kataa ya kijani inawaka, naandika tiki, naenda kituo kingine.

Watu wengi nchini wanakumbuka tarehe 7 Juni 2016, siku tumbili alipopanda juu ya paa kwenye kituo cha umeme cha Gitaru, akaangukia transfoma, mitambo mingine ikaelemewa, na Kenya nzima ikaingia gizani. Tumbili mwenyewe alipona. Tulicheka sana. Lakini tumbili hakuwa na fomu ya kutia tiki.

Siku hiyo hiyo nilitembea zile hatua ishirini. Nikamweleza mkuu yote: betri, tiki, mpangilio wa sekunde moja, na ile Jumatano. Alinisikiliza mpaka mwisho. Alikasirika, na alikuwa na haki. Kisha akasema kitu ambacho sikukitarajia: "Na mimi nilitaka jibu haraka." Akaandika karatasi ya kumrudisha mama kazini, na nikaomba niipeleke mwenyewe.

Nilimkuta anaanika mihogo kwenye gunia. Alinipa stuli, hakunipa chai. Nikamweleza, kwa Kiswahili na kwa Kikhayo, maana Kiswahili kilikuwa kinaniruhusu kuzunguka. Mota, volti, betri, hakuyajali. Aliinua mkono nikanyamaza.

"Mwanangu, ulijua lini?"

Ndilo swali ambalo logi hujibu kabla ya yote. Lini. Nikasema, "Ile Jumatano. Baada ya wewe kutoka."

"Leo ni Jumatano."

"Ndiyo mama. Wiki mbili."

Akahesabu kwa vidole, polepole, kama anayehesabu mayai. "Jumatatu na Jumanne ni za mkuu wako. Hizi zingine kumi ni zako."

Nilikuwa nimebeba pesa, lakini nilikuwa nimepanga kuzitoa kama zawadi, kwa maneno mazuri. Maneno hayakutoka. Nikahesabu malipo ya siku kumi, nikampa kwa mikono miwili. Naye akazihesabu tena, mbele yangu, akafunga kwenye ncha ya kanga. Za siku mbili nilizifuata kwa mkuu, akalipa. Mama akarudi kazini Alhamisi saa moja na nusu, kama kawaida.

Hatukuwahi kulizungumza tena. Ananiita fundi sasa, haniiti mwanangu.

Nilinunua betri Busia, volti 12, ndogo kama matofali mawili ya sabuni. Mpangilio nikaurudisha kwenye 1. Mfumo ulikokota, sista akalalamika, nikamwambia avumilie, na nikamwambia kwa nini. Kila mwisho wa robo mwaka nachomoa plagi ukutani na kuhesabu dakika kumi kwa saa, ndipo natia tiki.

Yule mwanamke aliomba barua ya kuhamisha faili lake. Sista aliichapisha, nami nilikuwa chumbani. Alituuliza tu kama safari hii kila kitu kimo ndani. Sista akaniangalia. Nikafungua rekodi yake na kuipitia siku kwa siku, miaka minne, na ile siku ya Agosti tuliyoirudisha kwa mkono ilikuwepo. Nikamwambia, "Kimo, mama."

Akaikunja barua mara nne, akaitia ndani ya blauzi, akapanda boda kuelekea mpakani.